Zizi la Keekee

Kama kuna mtu aliyejua kujifanya anaona, ni Pantaleo Mabula. Msinielewe vibaya, kipofu hakuwa. Ng'ombe akiwa ng'ambo ya bonde angekwambia ni dume au ni mtamba, na vumbi likitimka kule barabarani angekutajia ni lori la nani. Taabu yake ilikuwa vitu vya karibu. Kitu ukikileta chini ya pua yake kiligeuka uji, tena uji wenyewe mwepesi.

Sasa mtu wa namna hiyo Mungu akampa kazi gani? Akamweka kwenye mashine ya kutobolea vyuma, katika karakana ya mgodi mmoja mdogo wa dhahabu upande wa Rwamgasa. Huo ulikuwa mwaka wa hamsini na tatu. Pantaleo alikuwa amefikia miaka kumi na minne mgodini pale. Alitoka kwao Kishapu akiwa kijana wa kubeba mawe, akapanda pole pole mpaka akaitwa fundi, na jina hilo la fundi alilipenda kuliko chakula. Akienda kwao likizo watoto walimkimbilia wakiita Fundi, Fundi, naye anatembea kifua mbele utadhani mgodi ameuchimba peke yake.

Keekee zake, yale meno ya chuma ya kutobolea, zilikuwa kumi na tatu, kuanzia nyembamba ya thumni ya inchi mpaka nene ya nusu inchi. Kila moja ilimzidi mwenzake kidogo tu, kama unene wa ukucha. Zote zililundikwa ndani ya mkebe wa biskuti, zikigongana na kuumana makali humo humo. Na kila moja ilikuwa na namba yake imechongwa shinani, namba ndogo kama mayai ya chawa. Zamani Pantaleo aliichungulia mara moja akaijua. Siku hizi alikuwa anaipeleka keekee mbali mpaka mkono unaisha, anairudisha, anakwenda nayo kwenye mwanga wa mlango, anajifanya anaipuliza vumbi. Mwisho anabahatisha.

Na kubahatisha si mchezo. Miezi miwili nyuma, Meneja wa mgodi, Mzungu mmoja mrefu asiye na maneno mengi, alimsimamisha Onesmo wa winchi mbele ya kipimo cha mashine akamwuliza kinasema nini. Onesmo akajibu kwamba kinasema vizuri tu. Kesho yake Onesmo alikuwa juu ya lori na godoro lake, anarudishwa kwao, na habari yake ikaishia hapo. Pantaleo alimpungia mkono mpaka lori likapotea, akarudi kazini. Alijua wazi kwamba siku akigunduliwa, naye atafunga virago vile vile. Atarudi Kishapu kuchunga, na wale watoto hawatakuwa na sababu ya kumwita fundi.

Utauliza, mbona asitafute miwani? Miwani, ndugu yangu! Siku zile pale mgodini miwani ilikuwa ya padri na karani. Fundi akivaa miwani ni sawa na kujipigia tarumbeta kwamba amekwisha.

Aliyemnyima raha zaidi ni Fundi Mkuu, Harnam Singh. Huyu alikuwa Singasinga wa makamo, ndevu zake zimefungwa vizuri, na kilemba cheupe ambacho Pantaleo hakupata kukiona na doa la oili hata siku moja, jambo lililomshangaza sana kwa mtu anayeshinda katikati ya mashine. Singh alikuwa mkali na alikuwa na desturi moja. Kabla tundu lolote halijatobolewa, lazima fundi ainue keekee aisome namba yake kwa sauti. "Soma!" husema, na mkono anaunyoosha. Ukishasoma anaichukua, anaikazia macho kama amepewa samaki aliyelala, anairudisha, anasema sawa. Vijana wa karakana walimsifu kwamba ndiyo ualimu huo, hataki mtu asahau kusoma. Pantaleo kila akisikia neno hilo kijasho chembamba kilimtoka. Alisoma kwa kukisia, Singh akasema sawa, na yeye akamshukuru Mungu na watakatifu wote aliowakumbuka.

Wa kwanza kumgundua ni mkewe, Bernadina. Jumamosi moja jioni alimwomba amtungie uzi kwenye sindano maana mikono yake ilikuwa na unga. Sindano ilikuwa hapa, uzi ukawa unatafuta njia ya kwenda Biharamulo. Bernadina akamtazama, akafuta mikono, akaichukua sindano akaitunga mwenyewe.

"Baba Klara," akasema, "tangu lini?"

Pantaleo akajitia hamnazo, akasema uzi wenyewe ndio mbovu. Bernadina akavuta uzi. Akaendelea kushona, na huyo mwanamke akinyamaza ni vibaya kuliko akigomba. Kabla upindo mmoja haujaisha, Pantaleo alikuwa ameyatoa yote, namba, mkebe, Onesmo, na lile neno la Fundi Mkuu. Bernadina akacheka kwanza mpaka akaweka sindano chini. Halafu akaona uso wa mumewe, akaacha.

Akamkumbusha mkwewe, Mzee Masele, kule Kishapu. Mzee Masele macho yalikuwa yamezima kabisa mwaka wa saba ule, lakini kila jioni alikaa kwenye mlango wa zizi, ng'ombe wanaingia mmoja mmoja, naye anawapapasa masikio. Huyu ana mkato mmoja, huyu miwili, huyu mkato na kitundu. Akimaliza anakwambia yule mtamba mwekundu hajarudi, nendeni mtoni. Na kweli mtamba anakutwa mtoni.

"Baba yangu haoni hata jua," akasema Bernadina, "na ng'ombe hajampotea. Masikio yao aliyakata mwenyewe. Wewe keekee zako umezikata masikio?"

Pantaleo akaligeuza neno hilo kichwani. Keekee haina sikio, na chuma chake ni kigumu, hakikubali tupa. Lakini kama kila keekee ingekuwa na mahali pake pa kulala, palepale siku zote, basi si lazima umkate ng'ombe, unakata mlango wake. Akaanza kucheka peke yake. Bernadina akamwuliza kinachomchekesha, akasema anajenga zizi.

Kusema ni rahisi. Zizi la kwanza alilijenga kwa haraka, kwa kipande cha mti kilichobaki kwenye nguzo za kushikilia shimo, mti uliokatwa juzi. Akatoboa matundu, akazipanga keekee, akapendezwa. Wiki ya pili mti ukakauka, ukajikunja, ukazibana keekee zote kama mamba. Ilibidi apasue zizi kwa shoka ili kuwatoa ng'ombe.

La pili ndilo linalonifanya nicheke mpaka leo. Akafikiri, mimi mtoto wa wafugaji, mbao nimezifuatia nini? Akatafuta ngozi ya ng'ombe, nzuri, iliyokaushwa kama wanavyokausha kwao, kwa kupakwa chumvi mpaka inang'aa. Akashona mkanda mpana wenye vijumba kumi na vitatu, akauviringisha, akaufunga kwa ugwe. Ulikuwa unapendeza machoni hata kwa mtu asiyeona vizuri. Siku nne baadaye akaufungua, keekee zote zimevaa kutu nyekundu kama waliokwenda kuchimba udongo. Chuma na chumvi! Mtu aliyefanya kazi na chuma miaka kumi na minne amekivisha chumvi kwa sababu tu ngozi ilimkumbusha nyumbani. Jumapili ile alishinda anasugua kwa majivu na mafuta, na Bernadina aliporudi kanisani alimwambia kwamba kwao hata ng'ombe wenye upele waliogeshwa siku za kazi.

La tatu hakulifanyia haraka. Alikwenda nyuma ya stoo ya zamani, akaomba kizingiti cha mlango uliokuwa umebomolewa, mninga mkavu uliokaa juani miaka na miaka. Akakata kipande cha urefu wa mkono kutoka kiwiko mpaka vidole. Akapiga randa. Kila tundu akalitoboa kwa keekee ile ile itakayolala humo, ili kila moja iwe na nyumba yake hasa, isiingie kwa mwenziwe mwembamba na ikiingia kwa mwenziwe mnene icheze. Akayeyusha nta ya nyuki, akaichanganya na oili kidogo, akaidondoshea kila tundu chini, ncha ya keekee ikae kwenye kitu laini na kutu isipate pa kuanzia.

Halafu masikio. Kwenye ukingo wa mbele, chini ya kila tundu, akaweka alama kwa tupa na msumari. Tundu la thumni lilipata mkato mmoja. La robo mikato miwili. La robo na thumni mikato mitatu. La nusu inchi, mikato minne, dume la kaya. Zile keekee tatu za kati kati ya kila hatua alizipigia vitone vya msumari juu ya mikato ya aliyetangulia, kitone kimoja, viwili, vitatu. Kidole gumba kikipita ukingoni kinajua kimefika wapi. Alijijaribu amefumba macho, Bernadina akimtajia, na katika mara ishirini hakukosea hata mara moja. Bernadina akampigia makofi. Pantaleo akasema wabeja, asante ya Kisukuma, akainama kama mcheza ngoma aliyetuzwa.

Karakana nzima ililizunguka zizi lile. Hata Singh alikuja, akaligeuza, akauliza vijikato hivi ni vya nini. Pantaleo akasema upesi ni mapambo tu ya kwetu. Singh akapitisha kidole gumba ukingoni, kutoka mwanzo hadi mwisho, akakirudisha tena pole pole. Akasema ni mapambo mazuri. Akaamuru zizi likae kwenye meza kubwa kando ya mashine, ambapo hata yeye anaweza kulifikia.

Basi Pantaleo akastarehe. "Soma!" ikisemwa, kidole kinapita, keekee inainuka, namba inatajwa kwa sauti ya askari. Makali ya keekee hayakuumana tena, kazi ikawa safi, na miezi mitatu ikapita bila kijasho. Tatizo la starehe ni kwamba inaotesha kiburi. Pantaleo akaanza kuringa. Akawa anachukua keekee bila hata kutazama mezani, uso ameugeuzia mlangoni, anapiga soga, mkono unafanya kazi yake nyuma. Watu wakasema huyu bwana sasa ni bingwa. Ukweli ni kwamba aliona afadhali asitazame kabisa kuliko aonekane anakodoa.

Hapa ndipo anaingia Kondo. Kondo alikuwa mtu wa kuzipaka oili mashine zote, Mzaramo wa Kisarawe, mwembamba, mdomo haulali. Wasukuma na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara, na Kondo aliuchukulia utani kama wengine wanavyoichukulia dini. Pasaka alikuwa ameteka kofia ya Pantaleo, ikakombolewa kwa karanga debe zima. Kununa hakuruhusiwi. Mtani akikuchukulia kitu unacheka, unakomboa, unangoja zamu yako.

Jumanne moja ya mwezi wa nane, kabla kazi haijaanza, Kondo alipita mezani akaliona zizi, akaona imefika saa ya kuteka ng'ombe. Akalichomoa lile dume la nusu inchi akalitia mfukoni. Kisha, ili mzaha unoge, akawahamisha waliobaki, kila mmoja akasogea tundu moja upande wa juu, mwembamba kwa mnene. Tundu la mwanzo la thumni likabaki wazi, linakodoa kama jicho. Kondo akajibanza nyuma ya mashine ya kunolea, anangoja Pantaleo aingie, aone tundu tupu, apige yowe la ng'ombe wangu.

Pantaleo akaingia, akasema mwangaluka kwa wote, akaketi. Hakuona kitu. Kondo akashangaa. Akafikiri labda mtani naye anamchezea, akaendelea kungoja.

Kabla mtu hajacheka, mambo yakaharibika. Pampu ya kutoa maji shimoni ilikuwa imepasuka bamba lake alfajiri ile. Maji yanapanda, wachimbaji wamekaa nje juani, na Meneja mwenyewe alikuja karakana akiwa ameshika bamba jipya, anataka matundu manne ya robo na thumni, na anayataka sasa. Singh akanyoosha mkono.

"Soma!"

Kidole kikapita, mkato mmoja, miwili, mitatu. Pantaleo akainua. Ile keekee ilitoka kwa ulaini usio wa kawaida, ikacheza kidogo kwenye tundu, tiki tiki. Aliisikia kabisa. Akajiambia ni kiangazi, mbao imekauka. "Robo na thumni!" akasema, macho mlangoni. Singh akaichukua, akaikazia macho, akairudisha.

"Sawa."

Kondo kule nyuma akashika kichwa. Angesema pale pale, lakini Meneja amesimama, mashine imeshaanza kuzunguka, na ulimi wake ambao haukupata kukwama maishani ukachagua siku ile kukwama. Matundu manne yakatoboka, safi kama pete. Bamba likabebwa mbio.

Baada ya muda mfupi likarudi, na Meneja nyuma yake. Bolti hazikuingia. Hata moja. Zilisimama juu ya matundu kama wageni waliofungiwa mlango. Karakana nzima ikaweka tupa chini.

Meneja aliuliza kwa Kiswahili chake kifupi. Nani alisoma namba? Pantaleo akasema ni yeye. Nani alikagua?

"Mimi, Bwana Meneja," akasema Singh. "Kosa ni langu."

Pantaleo hakutegemea hilo. Meneja akaitoa keekee kwenye mashine, akampa Singh, akamwambia asome tena. Singh akaishika. Akaipeleka mbali mpaka mkono ukaisha. Akairudisha. Akageuka nayo kwenye mwanga wa mlango, akaipuliza vumbi.

Pantaleo alikuwa akimtazama, na kipulizo kile akakitambua. Kilikuwa chake. Haikuwa na vumbi ile keekee, imetoka kutoboa chuma sasa hivi. Miaka yote hii ya soma, soma, mtu mwenyewe alikuwa anaomba asomewe! Pantaleo alitaka kucheka na kulia kwa pamoja, na pale hapakuwa pa lolote kati ya hayo.

"Pantaleo," akasema Singh pole pole, bila ule ukali, "soma."

Keekee ikafika mkononi mwake. Meneja anamtazama. Akaiona safari ya Onesmo, lori, godoro, vumbi la Kishapu. Kujifanya hakukufaa tena, kwa hiyo akafanya kitu alichokijua kwa hakika. Akaliendea zizi lake, mbele ya wote, akaitia keekee kwenye tundu la mikato mitatu. Ikacheza, tiki tiki. Kumbe haikuwa kiangazi. Akaitoa, akasogea tundu moja chini, akamchomoa aliyekuwa humo, akaitia. Ikaingia, ikakaa kimya.

"Hii si robo na thumni, Bwana," akasema. "Ni ile inayotangulia. Mikato miwili na vitone vitatu. Hapa ndipo inapolala, na tundu hili nililitoboa kwa keekee hii hii."

Halafu akakitembeza kidole kwenye safu nzima, akiwachezesha mmoja mmoja, na kila mmoja akacheza. Akafika mwanzoni, kidole kikatumbukia kwenye tundu tupu. Akasimama wima. Hofu ikamtoka yote, badala yake ikaja hasira tamu anayoijua kila mwenye mtani.

"Ng'ombe wangu wametekwa," akasema. "Wamesogezwa zizi zima, na dume halipo. Hapa kuna Mzaramo."

Kondo akatokea nyuma ya mashine ya kunolea, kichwa chini, dume la nusu inchi liko kiganjani. Karakana ikapasuka kwa kicheko. Ilibidi Singh amweleze Meneja kwa Kizungu utani ni kitu gani, na Meneja alisikiliza kama mtu anayeelezwa kwa nini samaki hupanda miti. Mwisho akalisogelea zizi, akaijaribu keekee mwenyewe kwenye tundu moja, kwenye lingine, akapitisha kidole ukingoni, akatikisa kichwa. Akasema tundu likiwa dogo hupanuliwa, likiwa kubwa ndiyo balaa, kwa hiyo lipanuliwe upesi. Akasema anataka zizi kama hilo kwenye kila meza ya karakana. Kwa Kondo akasema apake oili winchi nzima siku hiyo hiyo, mpaka juu kileleni.

Kabla saa haijaisha bolti zilikuwa zimeingia na pampu inanguruma. Kondo, ambaye kileleni pa winchi hakupaogopa, aliupata tena ulimi wake huko juu, akaanza kutangaza mgodi mzima usikie.

"Jamani, hawa mafundi wetu wawili ni vipofu! Nimewaachia tundu wazi tangu asubuhi, hakuna aliyeliona! Ukimfunga tembo mlangoni watamning'inizia makoti!"

Wachimbaji wakacheka mpaka wakakaa chini. Meneja alipita akitabasamu kwa mara ya kwanza mwaka ule. Ni utani, nani atauamini? Kondo aliusema ukweli mtupu kwa sauti kubwa kuliko pampu, na hakuna sikio hata moja lililoupokea. Wawili tu hawakucheka. Pantaleo akamtazama Singh kwa jicho la pembeni, akakuta Singh naye anamtazama.

Saa ya kutoka, Singh akamwomba abaki. Akafunga mlango, akavuta kigoda, akakaa mbele ya zizi. Kidole gumba kikatembea ukingoni.

"Mikato mitatu, robo na thumni," akasema. "Miwili na kitone, inayofuata robo. Mapambo ya kwenu nimeyasoma tangu siku ya kwanza. Bila hayo ningekuwa nimekwisha kujulikana."

"Na mimi, Fundi Mkuu, kabla yake nilikuwa nakisia tu."

"Ulikuwa unakisia?" Singh akageuka. "Mimi nilikuwa nasema sawa kwa sababu nilikuamini wewe!"

"Na mimi nilitulia kwa sababu ulisema sawa."

Wakatazamana. Halafu Singh akaanza kucheka, ndevu zinatikisika, na Pantaleo akadakia, wakacheka mpaka mlinzi akaja kugonga kuuliza kama kuna mtu ameumia. Ni ajabu pampu za mgodi ule zilikuwa zimedumu hata hivyo.

Jogoo alilipwa Jumapili. Namaanisha Kondo alisumbuliwa na karakana nzima mpaka akaleta jogoo nyumbani kwa Pantaleo, fidia ya kuteka ng'ombe siku ya kazi. Bernadina akampika na karanga, na mlaji mkubwa kuliko wote, kama mnavyojua watani, akawa Kondo mwenyewe. Akishushia maji akamwambia Pantaleo kwamba mdomo wake ataendelea kuutumia vile vile, awaite vipofu kila siku, maana kadiri anavyosema ndivyo watu wanavyozidi kutoamini. Pantaleo alimshika mkono kwa mikono yake miwili. Kondo akaomba paja lingine.

Mwisho wa mwezi Singh alikwenda Mwanza, akarudi na miwani. Moja tu. Alisema miwani miwili ingezua maswali, lakini moja, ikikaa mezani pamoja na vifaa, ni kifaa. Pantaleo akalichukua zizi, akaliongezea ufa mwembamba mwishoni kabisa, baada ya dume, akaupaka nta ili vioo visikwaruzwe. Ufa huo hakuuwekea mkato wala kitone.

Singh ndiye aliyeanza kuivaa. Akachukua keekee ya mikato mitatu, akaisoma namba yake, akaisoma tena, akaguna kwa raha. Kisha akainua uso akamtazama fundi wake kwa karibu.

"Pantaleo, kumbe una mvi!"

Pantaleo akasema ampe na yeye aone. Akaivaa. Akaziona namba, moja moja, kali, kama zimechongwa asubuhi ile. Akaona mikato yake ilivyopinda, akaona aibu. Akaona oili kwenye mistari ya viganja vyake. Halafu akainua uso kwa Fundi Mkuu, akaikaza miwani puani, akasogea karibu zaidi.

"Nini?" akauliza Singh.

"Kilemba chako, Fundi Mkuu. Kina madoa ya oili pande zote."

Singh akakishika kwa mikono miwili.

"Tangu lini?"

"Sijui," akasema Pantaleo. "Ndiyo kwanza naona."